Dohani ya nyumba kuukuu: usafishe tu, uweke bomba la chuma, ujenge upya au uifunge?

Ukinunua nyumba ya zamani Massachusetts, iwe Lowell, Worcester au Lynn, ripoti ya mkaguzi haikosi mstari kuhusu dohani: matofali yanabambuka, njia ya moshi haionekani vizuri, mwite fundi wa dohani. Unaita watatu. Wa kwanza anataka dola 280. Wa pili anataka dola 4,200. Wa tatu anapiga simu jioni kusema kila kilicho juu ya paa kibomolewe, dola 9,000. Wote wametazama dohani moja.

Ni rahisi kudhani kuna tapeli kati yao, na mara nyingine yupo. Lakini mara nyingi kila mmoja amejibu swali lake. Wa kwanza amejibu kuhusu masizi, wa pili kuhusu njia ya moshi, wa tatu kuhusu mvua. Mwenye nyumba ndiye hajajua bado swali lake ni lipi.

Kwa wengi wetu dohani ni kitu kigeni. Moshi wa jikoni kwa bibi ulipita ulipopata upenyo, na nyumba zenye dohani tulizoziona zilikuwa za mashamba ya chai Limuru na Kericho, au zile za zamani kule Lushoto. Hatukukua tukiona dohani ikikaguliwa, sembuse kulipiwa. Kwa hiyo nimezipanga njia nne ambazo mwenye nyumba huwekewa mezani, kila moja chini ya maswali yaleyale. Bei ni makadirio ya kawaida ya New England kwa miaka hii, kwa nyumba ya familia moja hadi tatu. Paa likiwa refu au lenye mwinuko mkali, ongeza.

Kwanza shuka besimenti

Kabla ya bei yoyote, shuka chini uone ni vifaa gani vinatoa moshi wake kupitia dohani hiyo. Watu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayoamua gharama.

Dohani moja ya matofali inaweza kuwa na njia mbili au tatu za moshi zilizotengwa: moja ya meko ya sebuleni, nyingine ya boila, yaani mtambo wa kupashia nyumba joto, ya mafuta au gesi. Katika nyumba za ghorofa tatu za Worcester unaweza kukuta maboila na matangi ya maji moto ya wapangaji kadhaa yakitumia dohani moja. Mafundi wengi hutoza kwa njia, si kwa dohani, kwa hiyo uliza bei uliyopewa ni ya njia ngapi.

Tofauti yake ni hii: meko ya sebuleni unaweza kuacha kuiwasha mpaka upate pesa. Boila huwezi kuizima Januari. Ndiyo maana mimi humwambia mtu mwenye bajeti finyu aanze na njia ya boila, hata kama meko ndiyo inayotazamwa na wageni.

Kuna hali moja inayowaponza waliobadilisha boila karibuni. Boila mpya za gesi zenye ufanisi mkubwa hutoa moshi wake kwa bomba la plastiki kupitia ukutani. Dohani inabaki na tangi la maji moto peke yake. Moshi wa tangi ni mchache, hauna joto la kutosha kuipasha njia pana iliyojengwa kwa ajili ya boila kubwa. Mvuke wake unageuka maji yenye asidi humo ndani, yanakula saruji na vigae vya udongo vilivyopangwa ndani ya njia, na siku ya baridi kali moshi unaweza kurudi besimenti pamoja na kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Mwenye nyumba anaamini ameboresha nyumba yake, na fundi wa boila ameshaondoka. Hapo kusafisha hakutasaidia. Linatakiwa bomba jembamba la ndani, au tangi la umeme lisilohitaji dohani kabisa.

Vigezo nilivyotumia

Usalama ndio wa kwanza: moto wa dohani na gesi ya kaboni monoksidi. Cha pili ni maji, kwa sababu dohani nyingi za huku huharibiwa na maji kuliko moto: mvua inaingia kwenye tofali, inaganda usiku, inapanuka, inapasua uso wa tofali, na mwaka unaofuata inaanza mahali pabaya zaidi. Cha tatu ni pesa, ya leo na ya kila mwaka unaofuata. Halafu muda na msimu, kwani si kazi zote zinafanyika wakati wa baridi. Mwisho ni jinsi njia hiyo itakavyoonekana ukija kuuza nyumba au kudai bima.

Hakuna kigezo unachoweza kukipima bila ukaguzi wa kweli. Kiwango kinachofuatwa Marekani, NFPA 211, kinataka dohani ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na kinataja ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni kutazama sehemu zinazofikika kwa urahisi. Mara nyingi huja pamoja na usafishaji. Ngazi ya pili huingiza kamera njia nzima, na hiyo ndiyo inayotakiwa nyumba inapobadili mmiliki, unapobadilisha kifaa au aina ya nishati, au baada ya moto wa dohani. Ya tatu hubomoa sehemu ya ukuta ili kuona kilichofichika, na haifanywi bila sababu nzito.

Ngazi ya pili hugharimu kama dola 250 hadi 600. Mkaguzi wa kawaida wa nyumba, yule uliyemlipa kabla ya kununua, hajafanya hiyo. Amemulika tochi tu. Msimamo wangu ni kwamba kazi yoyote ya zaidi ya dola 1,000 isilipwe bila video. Na video ianzie kwenye meko au boila yako, ipande bila kukatwa, ili ujue ni dohani yako na si ya jirani. Picha za vigae vilivyopasuka zinazooneshwa kila nyumba zipo.

Njia ya kwanza: kusafisha na kuziba madogo

*Gharama.* Kusafisha njia moja ni dola 200 hadi 400, ukaguzi wa ngazi ya kwanza ukiwemo. Kofia ya chuma cha pua juu ya njia, dola 200 hadi 500 ikiwekwa. Kuziba nyufa nyembamba kwenye saruji inayofunika kichwa cha dohani, dola 200 hadi 600. Kupiga pointi (kukwangua na kujaza upya saruji ya maungio) mistari michache ya matofali, dola 500 hadi 1,500.

*Inachotibu.* Masizi, viota, mvua inayoingia moja kwa moja na nyufa changa. Anayewasha kuni anapaswa kuelewa pia kriosoti, uchafu unaobaki moshi unapopoa kabla ya kutoka. Mwanzo wake ni unga mweusi unaotoka kwa brashi. Ukiendelea unakuwa magamba magumu yanayong'aa, na bado hutoka kwa vifaa vizito zaidi. Mwisho unakuwa kama lami iliyoyeyuka ikagandia ukutani, na hiyo ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu ikishika moto joto laweza kufika nyuzi 1,100 za Selsiasi na kupasua vigae vya udongo vilivyo ndani. Kanuni ya mafundi ni kusafisha utando unapofika milimita 3, bila kungoja mwaka uishe.

Kriosoti nyingi inatoka kwenye kuni mbichi. Kuni ziwe na unyevu chini ya asilimia 20. Kipimo chake ni dola 30 hivi dukani, na sijaona kitu cha bei hiyo kinachookoa zaidi. Muuzaji atakuapia kuwa mti umekauka mwaka mzima. Pasua gogo moja mbele yake, pima upande wa ndani.

*Isichotibu.* Brashi haiondoi kriosoti iliyofikia hatua ya lami, wala haiungi kigae kilichopasuka. Vile vigogo vya dukani vyenye kemikali vinakausha kriosoti kidogo ili itoke kirahisi, lakini haviitoi. Bado fundi atahitajika.

*Muda na usumbufu.* Saa moja au mbili. Agosti unapata fundi wiki hiyohiyo. Oktoba kila mtu amekumbuka na foleni ni ndefu. Kuna jambo la ndege pia: mbayuwayu wa dohani hujenga humo kati ya Mei na Agosti, nao wanalindwa na sheria ya shirikisho ya ndege wahamao ya mwaka 1918. Kiota chenye mayai au makinda hakiguswi. Subiri wahame, kisha weka kofia.

Je, ujisafishie? Brashi na fito zake hazifiki dola 100, na jiko la kuni lenye bomba lililonyooka katika nyumba ya ghorofa moja linawezekana. Dohani ya ghorofa tatu, acha. Akiba ya dola 300 si sababu ya kupanda paa la vigae vya lami asubuhi yenye umande.

*Inamfaa* mwenye dohani ambayo kamera imeonesha njia yake ni nzima. Hiyo "ambayo kamera imeonesha" ndiyo inayosahaulika.

Njia ya pili: kuingiza bomba la chuma cha pua

*Gharama.* Kwa boila au tangi la maji moto, dola 1,800 hadi 3,500. Kwa jiko la kuni, pamoja na kulifunga bomba blanketi la kuzuia joto, dola 3,000 hadi 6,000. Kama vigae vya zamani lazima vivunjwe kwanza ili bomba lipite, ongeza dola 1,000 au zaidi.

*Inachotibu.* Njia ya moshi iliyopasuka, au ambayo haikuwahi kuwa na kitu ndani. Nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili zina dohani ya matofali matupu, moshi ukigusa saruji na ukutani kuna mbao. Bomba linarudisha mpaka kati ya moto na nyumba. Pia linarekebisha upana: kifaa kidogo kikipewa njia nyembamba, moshi unabaki na joto, unapanda haraka, hauachi kriosoti wala maji ya asidi.

Hapa ndipo fundi mzuri anapojipambanua. Mwulize chuma cha daraja gani. Kwa kuni na mafuta, daraja la 316 ndilo salama. La 304 ni rahisi zaidi lakini haliwezi asidi, hasa ya makaa ya mawe na mafuta. Alumini ni ya vifaa vya kawaida vya gesi tu, na mtu akikuwekea alumini kwa boila ya mafuta amekuwekea tatizo. Bomba liwe limethibitishwa kwa kiwango cha UL 1777. Blanketi la joto lisikatwe kwenye hesabu ili bei ishuke, kwa sababu dohani nyingi za zamani hazina nafasi inayotakiwa kati ya tofali na mbao za nyumba, na blanketi ndilo linaloziba upungufu huo.

*Isichotibu.* Matofali ya nje. Nimeona bomba jipya linalong'aa likichungulia kwenye kichwa cha dohani kilichoanza kuinama. Pesa zilipelekwa mahali sahihi kwa mpangilio usio sahihi. Wala bomba haliifanyi meko ya wazi iwe kifaa cha kupashia nyumba. Benjamin Thompson, mzaliwa wa Woburn hapahapa Massachusetts mwaka 1753, ambaye baadaye aliitwa Count Rumford, aliandika mwaka 1796 jinsi meko za wazi zinavyopoteza joto, akapendekeza meko zenye kina kifupi na kuta zilizoinama pembeni. Zaidi ya miaka 200 baadaye meko nyingi bado zinapeleka sehemu kubwa ya joto mbinguni, na hewa iliyopashwa na boila nayo inafuata. Kwa kuwa meko ya wazi inahitaji bomba pana na ghali, wengi huona afadhali kuweka jiko la chuma la kuingiza ndani ya meko, dola 3,000 hadi 6,000 nyingine, na kutumia bomba jembamba. Jumla inauma. Lakini hapo angalau unanunua joto.

*Muda na usumbufu.* Siku moja, mara chache mbili. Linaweza kuingizwa hata majira ya baridi kama paa halina barafu. Jiko la kuni Massachusetts linahitaji kibali cha idara ya majengo ya mji na ukaguzi baada ya kufungwa. Usikubali kuambiwa "hii ndogo haihitaji".

*Kila mwaka.* Usafishaji unaendelea. Dhamana "ya maisha" ya mabomba haya mara nyingi ina sharti la kusafishwa na kukaguliwa kila mwaka, kwa hiyo risiti ziwekwe. Soma pia kama dhamana inahamia kwa atakayenunua nyumba.

*Inamfaa* mwenye boila au tangi linalopitisha moshi humo, mwenye jiko la kuni analolitegemea, na mtu yeyote ambaye video yake imeonesha vigae vimepasuka huku matofali ya nje yakiwa imara.

Njia ya tatu: kujenga upya sehemu ya juu ya paa

*Gharama.* Dola 3,500 hadi 10,000, kutegemea urefu na kama jukwaa la mafundi linahitajika. Kujenga upya mpaka msingi huanzia dola 15,000, na kwa nyumba ya ghorofa tatu unaweza kulipa maradufu.

*Inachotibu.* Sehemu iliyo juu ya paa hupigwa na mvua na theluji pande zote nne, kwa hiyo ndiyo hufa kwanza. Dalili hazihitaji mtaalamu: vipande vya uso wa tofali kwenye mfereji wa maji ya paa, saruji ya maungio inayochimbika kwa bisibisi kama mchanga, mwinamo unaouona ukiwa barabarani, doa la maji kwenye dari karibu na dohani. Doa peke yake lisikutishe, maana linaweza kuwa ni mabati ya kiungo cha paa na dohani yaliyoachia, na hiyo ni kazi ya dola 400 hadi 1,600. Mtu akitaka kukujengea dohani mpya kwa sababu ya doa, mwambie akuoneshe kwanza hali ya mabati hayo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema. Kwa dohani ya kale, ukiuziba ufa kwa saruji isiyofaa ndipo utakapojenga ukuta. Nyumba za karne ya 19 na mwanzo wa ya 20 zilijengwa kwa tofali laini na chokaa. Chokaa ilikuwa laini kuliko tofali na iliruhusu unyevu kutoka. Fundi wa haraka anapiga pointi kwa saruji ngumu ya kisasa. Unyevu unakosa pa kutokea isipokuwa kupitia tofali, na baada ya baridi chache uso wa tofali unabambuka huku mistari ya saruji ikibaki imara. Uliza wazi: utatumia mchanganyiko gani, na kwa nini? Vivyo hivyo kwa dawa ya kuzuia maji. Iwe ile inayoruhusu mvuke kutoka, si rangi wala ngozi ya plastiki inayofungia maji ndani.

*Isichotibu.* Njia ya moshi iliyo chini ya paa. Kichwa kipya juu ya vigae vilivyopasuka bado ni dohani mbovu. Kama unajua utahitaji kazi zote mbili, mwombe fundi mmoja azifanye pamoja, kwani jukwaa linalipwa mara moja.

*Muda na usumbufu.* Siku mbili hadi tano, na lazima halijoto iwe juu ya nyuzi 4 hivi za Selsiasi ili saruji ishike, kwa hiyo ni kazi ya Mei hadi Oktoba. Kibali kinahitajika. Ikiwa nyumba iko kwenye eneo la kihistoria, kama sehemu za Lowell, uliza mjini kabla ya kubadilisha sura ya nje. Na dohani isipunguzwe urefu kwa ajili ya bei: iwe angalau futi 3 juu ya inapotokea kwenye paa, na futi 2 juu ya chochote kilicho ndani ya futi 10 kutoka hapo, la sivyo upepo utaurudisha moshi.

*Inamfaa* anayekusudia kukaa muda mrefu, anayehitaji dohani kwa boila, au ambaye dohani yake inainamia upande wa njia ya watu. Hiyo ya mwisho haina kusubiri.

Njia ya nne: kuifunga au kuiondoa

*Gharama.* Kufunika kichwa cha njia isiyotumika, dola 200 hadi 600. Kubomoa mpaka chini ya paa na kuziba paa, dola 1,500 hadi 4,000. Meko ya umeme ya kuweka pale palipokuwa na moto, dola 300 hadi 1,500. Kama njia iliyofungwa ilikuwa ya boila, sasa unazungumzia mfumo mpya wa joto: pampu ya joto (mashine ya umeme inayopasha nyumba) kwa nyumba nzima ni makumi ya maelfu ya dola kabla ya ruzuku. Mass Save, mpango wa kampuni za umeme na gesi za Massachusetts wa kupunguza matumizi ya nishati, hutoa ruzuku na mikopo nafuu kwa pampu hizo, lakini masharti hubadilika, na ruzuku mara nyingi huanza na ukaguzi wa nishati wa bure, hivyo uanze huko kabla ya kusaini na fundi yeyote.

*Inachotibu.* Bili ya kila mwaka, hewa baridi inayoshuka sebuleni, na tatizo la maji kama umebomoa sehemu ya juu. Kwa anayewasha meko jioni mbili za Desemba basi, hesabu iko wazi.

*Isichotibu, na inachoweza kuharibu.* Kosa baya kuliko yote katika makala haya ni kufunika njia bila kuhakikisha ni ya nini. Njia mbili zinatoka bega kwa bega juu ya paa. Ukifunika ya boila ukidhani ni ya meko, unawafungia kaboni monoksidi wanaolala ghorofani. Ifuatwe kwa kamera kutoka chini. Na njia iliyofungwa iachiwe upenyo mdogo wa hewa juu na chini, la sivyo unyevu utajikusanya na ukuta wa chumba cha kulala utaota ukungu. Sehemu ya ndani ya nyumba usiibomoe bila mhandisi, maana katika nyumba kadhaa kuna mihimili iliyoegemea hapo.

Kuna na hoja ya umeme kukatika. Wengi hudhani boila ya mafuta itawaokoa kimbunga cha theluji kikiangusha nguzo. Nayo inahitaji umeme kuwaka. Pampu ya joto hali kadhalika. Jiko la kuni pekee ndilo litakalowaka usiku huo. Anayeishi mashambani Maine, ambako ndugu zetu wengi wa Kongo na Burundi wamehamia, alipime hilo kwa uzito tofauti na anayeishi katikati ya Lowell.

*Inamfaa* mwenye meko asiyoitumia, mwenye kuhamia umeme kwa kila kitu, na mwenye nyumba ya kupangisha asiyetaka mpangaji awashe moto asioujua. Mnunuzi wa baadaye huenda akaipenda meko ya kuni, kwa hiyo kama unauza mwaka ujao, funika tu, usibomoe.

Kuhusu fundi na mkataba

Tangazo la kusafisha kwa dola 79 halilipi hata mafuta ya gari la fundi, kwa hiyo pesa itatafutwa kwingine, nawe unajua kwingine ni wapi. Massachusetts, mkandarasi wa matengenezo ya nyumba anapaswa kuwa amesajiliwa na jimbo, na namba yake unaweza kuihakiki mtandaoni. Kazi ya zaidi ya dola 1,000 iwe na mkataba wa maandishi. Malipo ya awali yasizidi theluthi moja ya bei, isipokuwa vifaa vya kuagizwa maalumu. Ukisaini mezani kwako badala ya ofisini kwake, una siku tatu za kazi za kughairi. Anayesema "bei hii ni ya leo tu" anaijua sheria hiyo vizuri kuliko wewe.

Bima hulipa moto wa ghafla, hailipi uchakavu. Risiti za usafishaji wa kila mwaka ndizo zitakazokutetea mkaguzi wa bima akidai hukutunza. Na king'ora cha kaboni monoksidi kiwepo kila ghorofa yenye watu, na ndani ya futi 10 kutoka mlango wa kila chumba cha kulala. Sheria ya jimbo inayojulikana kama Nicole's Law imelitaka hilo tangu 2006. Hilo lifanye leo, hata kabla ya kumpigia fundi.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Umenunua nyumba mwezi huu na hujui lolote kuhusu dohani: lipia ngazi ya pili tu, usikubali kazi nyingine siku hiyohiyo.

Boila au tangi linatumia dohani na video inaonesha njia imepasuka: bomba la chuma, kabla ya baridi. Kama boila yenyewe ina miaka 25, omba bei mbili, ya bomba na ya boila mpya inayotoa moshi kupitia ukutani, kwa sababu unaweza kulipia bomba utakaloliacha baada ya misimu miwili.

Njia ni nzima, matofali ya juu yanabambuka, na pesa ya kujenga haipo hadi mwakani: kofia, kuziba saruji ya kichwani, kukagua mabati ya paa, basi. Utakuwa umezuia maji mengi kwa chini ya dola 1,500. Ikiwa dohani inainama, chaguo hili halipo.

Unawasha kuni wikendi zote za baridi: njia ya kwanza kila mwaka, na uanze kuweka akiba ya jiko la kuingizwa na bomba lake.

Huwashi meko kabisa: funika juu kwa dola mia chache, na usafishaji wa njia hiyo uondoe kwenye bajeti. Kama dohani hiyohiyo ina njia ya boila, ukaguzi wa njia ya boila unaendelea kama kawaida.

Nyumba ya ghorofa tatu, wewe unakaa chini na wapangaji juu: fuatilia kila bomba linaloingia kwenye dohani, uandike ni la nani, na ubandike karatasi hiyo besimenti karibu na boila. Kila fundi atakayekuja aisome kabla ya kufungua sanduku lake la vifaa.